Gari la Tairi za Ndala

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua sare za shule za mwanangu, nikapita mbele ya duka la viatu wakati kijana wa dukani anachana robota jipya la ndala kwa kisu. Harufu ikanipiga puani: mpira mpya wa sponji, wenye utamu kidogo, kama pipi iliyosahauliwa mfukoni. Nikasimama. Kijana akanichangamkia, "Karibu mama, unavaa namba ngapi?" Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndala nilifundishwa kuzichagua kwa kidole gumba, si kwa namba, lakini angeniona mwehu. Nikanunua jozi ya bluu ambayo sikuihitaji, nikaondoka nayo kwapani.

Ninyi wa rika langu mliokulia mjini mnaukumbuka ule wakati wa ruksa, maduka yalipojaa ghafla. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni ya mche. Kesho yake sabuni zina majina, zina karatasi za kung'aa, zinanukia maua ambayo hatujawahi kuyaona. Kwenye madirisha ya maduka ya Mchafukoge zikapangwa redio kaseti ndefu kama masanduku, na televisheni zilizoonyesha chengachenga tupu, na watu wakasimama mbele yake hivyohivyo wakiangalia chengachenga. Sisi watoto tuliona raha tupu. Hatukujua kwamba wakati huohuo kulikuwa na orodha zinabandikwa kwenye milango ya mashirika, na kwamba jina la baba yako linaweza kuwemo.

La baba yangu lilikuwemo. Alikuwa mkereza vyuma katika karakana ya shirika moja kule mtaa wa Gerezani, mtu wa kushika kipande cha chuma mkononi akakwambia kimezidi unene wa unywele, ukipima unakuta kweli kimezidi. Alipopunguzwa kazi hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Alikaa kitandani akashika tama. Kila Jumapili jioni alipiga pasi ovaroli yake ya bluu, akaitundika nyuma ya mlango, kwa sababu chini kabisa ya ile barua ya kupunguzwa palikuwa na sentensi inayosema kwamba mfanyakazi anaweza kuitwa tena hali ikiruhusu. Baba aliishi ndani ya sentensi hiyo miezi saba.

Mama yangu hakuwa mtu wa kuishi ndani ya sentensi. Alishaamua: shule zikifungwa, mimi na yeye tunaenda Korogwe kwa bibi, vyumba vyetu viwili tunavirudisha, na baba atalala kwa Mjomba Seif, mdogo wake mama, mpaka aitwe kazini.

"Mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka aitwe, si nimeshakwambia?"

Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kwamba hilo si jibu. Bibi nilimpenda, na Korogwe niliipenda kwa kiasi cha wiki mbili za likizo. Lakini kumwacha baba peke yake na ovaroli yake nyuma ya mlango wa mtu mwingine, hapana. Nilihisi kwamba tukishaondoka hatutamkuta tena yule tuliyemwacha. Nililia, nikasusa chakula, nikanuna siku tatu mfululizo. Mama alinitazama tu, akaendelea kukunja nguo.

Katika siku hizo za kununa ndipo Mjomba Seif alipotuletea gari.

Mjomba alikuwa karani kwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yanashuka kila meli, na ndani ya buti zake, wenyewe wa zamani walikuwa wamesahau vitu: mwavuli, raba ya mtoto ya mguu mmoja, kitabu cha ramani. Safari hii mwenye gari alikuta sanduku la kadibodi, akachungulia, akaona takataka, akampa mjomba. Mjomba akaja nalo moja kwa moja hadi kitandani alipolala baba.

"Shemeji," alisema, "nimekuletea mgonjwa mwenzako."

Ndani ya sanduku palikuwa na gari la mbio la kuchezea, aina ya fomula, la kuendeshwa kwa rimoti. Lilikuwa na urefu wa mkono wangu, jembamba, pua kali, magurudumu yote nje, na bodi nyeupe yenye mistari myekundu. Tairi zake zilikuwa za sponji, nazo zilikuwa zimechakaa hata ukizigusa zinamomonyoka kama keki ya juzi. Baba alilitazama kwa jicho moja. Kisha akaligeuza chini juu, akakaa. Akaliminya katikati kwa vidole viwili, chesisi, kile kibao cha chini, ikajikunja kidogo kushoto, ikajikunja kidogo kulia.

"Halina hata shokapu," alisema. "Hiki kibao ndicho kinachofanya kazi ya springi. Aliyekifikiria hiki alikuwa na akili."

Mama aliyekuwa mlangoni na sinia la mchele akaacha kupeta. Kwa wiki nzima baba hakuwa amesema neno zaidi ya "sawa" na "nimeshiba".

Betri ya gari ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulishuka kwa Mzee Jayanti. Duka lake la vifaa vya umeme lilikuwa chini ya jengo letuletu. Babu yake ndiye aliyelifungua, na yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha juu ya duka. Alikuwa mzee wa Kihindu, mfupi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, mwenye tabia ya kumwamkia mteja kabla mteja hajamwona. Kijana wake Ketan alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na ugonjwa wa magari hayohayo. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi yeye na rafiki zake waliyashindanisha kwenye ukumbi wa jumuiya yao, mitaa miwili nyuma yetu, juu ya zulia. Ketan alipoliona gari letu macho yalimtoka. Akatuazima betri na chaja palepale.

"Anko, njoo tushindane," alisema. "Tuko watano tu, tumechokana."

Mzee Jayanti aliegemea kaunta. "Njoo kweli, Fundi. Njoo na hilo gari nikuone. Halafu tumalize yale mazungumzo yetu."

Baba alikuna kidevu. "Tutaona, Mzee."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya maboksi ya feni, na nilielewa kila kitu mara moja. Njoo nikuone, halafu tuzungumze: kama huo si mtihani wa kazi, ni nini? Gari likishinda, Mzee Jayanti anamwajiri baba. Baba akiajiriwa, hakuna anayekwenda Korogwe. Likishindwa, ndiyo basi. Sikumwuliza mtu yeyote kama nimeelewa sawasawa. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, mbishi na mwenye hakika, na mume wangu atawaambia kwamba sijabadilika sana.

Kazi ya kwanza ilikuwa tairi. Kwa Ketan zilikuwepo za akiba, lakini baba hakutaka kuomba tena. Alikaa na kile kipande kilichomomonyoka, akakinusa, akakibonyeza, halafu akaniambia, "Vaa viatu." Tukaenda Kariakoo kwa wauza ndala. Baba alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, anafumba macho, anatikisa kichwa, anachukua nyingine. Muuzaji alivumilia kadiri alivyoweza.

"Mzee, samahani, unanunua ndala au papai?"

"Nataka laini kuliko hii."

"Laini kuliko hiyo ni za bafuni, za kina mama." Akatoa jozi ya rangi ya waridi, yenye ua la plastiki kwenye mkanda. "Nikufungie?"

Baba alibonyeza, akanipa na mimi nibonyeze. Kidole kilizama, kikarudishwa polepole. "Umesikia inavyorudi?" aliniuliza. Nilisikia. Hiyo ndiyo elimu yangu ya ndala.

Alikata soli kwa wembe vipande vya duara, akavitoboa katikati, akavigundisha kwenye ringi. Kisha akalitoa feni letu bovu mapanga, akafunga gurudumu kwenye mota yake, akaiwasha, akasogeza msasa taratibu huku vumbi la waridi linaruka chumba kizima. Mto wangu ulikuwa na vumbi hilo, uji ulikuwa na vumbi hilo. Tairi zilitoka duara kamili, laini, za rangi ya waridi, na mimi niliona aibu. Gari la mashindano lenye tairi za rangi ya waridi! Baba alisema tairi haina macho, haijui rangi yake.

Kisha ikaja habari ya mahali pa kujaribia. Ketan alikuwa amesema mashindano ni juu ya zulia. Baba hakuwahi kuingia ukumbini mle, na zulia pekee alilolikanyaga maishani mwake lilikuwa la ofisi ya meneja, siku ya kupokea barua, na siku hiyo hakulichunguza. Alifikiri kidogo, akasema, "Zulia ni jamvi tu la wenye nafasi." Na majamvi tulikuwa nayo. Mama alikuwa mtunza vyombo wa kikundi chao cha kufa na kuzikana. Masufuria makubwa, vikombe na majamvi ya msibani yote yalikaa kwetu, yamepangwa hadi karibu na dari. Tukayashusha matano, tukayatandika kwenye ujia wa ghorofa kutoka mlango wetu hadi ngazini.

"Hayo si majamvi ya msiba?" mama alipiga kelele. "Mnayachezea gari? Siku akifa mtu niwaambie wafiwa wakae juu ya alama za tairi?"

"Tutayafuta," alisema baba.

"Mtafuta na mkosi?"

Lakini hakuyaondoa. Nilimwona baadaye amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, anatuangalia.

Mwendeshaji nilikuwa mimi. Mjomba Seif alishangaa, akasema kwa nini fundi mwenyewe asiendeshe, na baba akajibu kwamba ukishika rimoti unatazama, na ukitazama husikii. Yeye alitaka kusikia. Alichuchumaa ukutani, macho kafumba, mimi nikipeleka gari na kulirudisha, na akawa anasema, "Difu inakaza... sasa inaachia... kata kushoto." Kumbe gari dogo lile lilikuwa na mambo, hata hiyo difu, gia za kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Alichukua karata zetu za kuchezea, akazisukuma chini ya tumbo la gari kupima limeinuka kiasi gani: kadi nne mbele, tano nyuma. Alichukua kisu cha jikoni cha mama, akaweka ncha yake chini ya pua, katikati kabisa, akainua polepole. Kama gurudumu la kulia linanyanyuka kabla ya la kushoto, uzito haujakaa sawa. Analegeza skrubu robo mzunguko, anainua tena. Alifanya hivyo mara ishirini bila kuchoka. Mimi nilichoka, lakini nilijikaza kisabuni, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakujua kwamba ninalijua.

Tatizo letu lilikuwa utelezi. Jamvi limesukwa kwa ukindu, limelainishwa na makalio ya wafiwa wa miaka kumi. Kila kona gari liliteleza, likagonga ukuta. Siku moja baba alikuwa amejipaka dawa ya kuchua mgongoni, akashika gari bila kunawa, na tairi alizozishika zikaanza kunata. Alinusa vidole vyake, akaniangalia. Kuanzia siku hiyo tulizipaka tairi zote dawa ya kuchua, tukazifunga kitambaa zilowe, na gari letu likawa linanukia kama mzee mwenye maumivu ya kiuno. Lakini lilikata kona! Ndani ya wiki mbili niliweza kulipeleka hadi ngazini na kulirudisha bila kugusa ukuta hata mara moja. Baba alipiga makofi, mara mbili tu, akajizuia.

Nilisahau kuwaambia kwamba mama naye aliendelea na mipango yake. Mabegi mawili yalishafungwa. Shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa inayofuata.

Jumapili ilipofika baba alivaa shati jeupe. Mlangoni pa ukumbi palikuwa na viatu vimepangwa, maana mle hapaingiwi na viatu, na kwa zulia ni hivyohivyo kama kwa jamvi. Tukavua, tukaingia. Ukumbi ulikuwa mkubwa, feni za dari zinazunguka, njia imechorwa kwa mbao nyembamba zilizolazwa chini, na watu kama thelathini wamekaa kwenye viti: wazazi, watoto, bibi mmoja anasuka nyuzi. Zulia lilikuwa la kijani kibichi, fupi, gumu. Lilinichoma kidogo nyayoni. Nilipaswa kumwambia baba hapohapo, lakini nilikuwa nayatazama magari ya wenzetu, yote yenye tairi nyeusi.

Mtoto mmoja alicheka. "Ona tairi za barafu!" Barafu za rangi ile ndizo zilizokuwa zinauzwa getini shuleni kwetu. Nikajifanya sijasikia.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya kupanga nani aanzie wapi. Ketan alipiga filimbi. Nilibana kitufe, gari likaruka mbele vizuri kabisa, likafika kona ya kwanza, nikakata kushoto, na tairi za mbele zikang'ang'ania zulia kama zimegundishwa. Gari likajiinua ubavu, likapinduka, likateleza kwa mgongo na magurudumu yanazunguka hewani. Kijana mmoja aliyesimama kando ya njia akaligeuza. Kona ya pili, likapinduka. Kona ya tatu, likapinduka. Ukumbi ulicheka, si kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Raundi ikaisha sijamaliza hata mzunguko mmoja.

Nilimtazama baba. Alikuwa ameangalia chini. Kisha akageuka, akaelekea mlangoni penye viatu. Nilijua anaenda nyumbani kulala kitandani, na safari hii hataamka. Alifika kwenye ukingo wa zulia. Akasimama. Nyayo zake zilikuwa zimegusa sakafu ya saruji, nikamwona anaangalia miguu yake. Akarudisha mguu mmoja juu ya zulia, akausugua mbele, akausugua nyuma. Akapiga magoti mbele ya watu wote, shati jeupe na yote, akapitisha kiganja chake kwenye zulia, huku akifumba macho.

"Zuhura! Njoo ushike hapa."

Nilikwenda nikashika.

"Unasikia nini?"

"Linakwaruza."

"Linashika. Jamvi halishiki. Wiki mbili tumelifundisha gari kung'ang'ania, tumelileta mahali panapolishikilia lenyewe." Alinitazama, na uso wake haukuwa wa huzuni hata kidogo. "Nimepima kitu nisichokijua. Hilo kosa ni langu, wewe umeendesha vizuri."

Nilikuwa sijamsikia akisema kitu ni chake tangu siku ya ile barua.

Akanyanyuka. "Ketan! Una gundi ile ya kukauka haraka?"

"Supaglu? Ipo, anko."

"Na wembe, na msasa."

Tulikuwa na nusu saa kabla ya raundi ya pili. Baba alikaa sakafuni miguu kaikunja, akazifuta tairi dawa yote, akapunguza za mbele kwa msasa mpaka gari likainama pua, halafu akazungusha gundi kwenye ukingo wa nje wa kila tairi ya mbele, mstari mwembamba, mkono hautetemeki. Ile gundi ilipokauka, ukingo ukawa mgumu kama kucha. Ketan alichuchumaa karibu naye.

"Anko, hiyo inasaidia nini?"

"Gari likilala kwenye kona linaegemea hapa," baba alisema. "Pakiwa laini, panauma zulia, linajipindua. Pakiwa pagumu, panateleza kidogo, linabaki chini. Unataka lishike katikati, lisishike pembeni." Alikuwa anasema kwa sauti kubwa kupita haja, na ilinichukua muda kuitambua. Ilikuwa sauti ya karakana, ya mtu aliyezoea kuzungumza mashine zikiwa zinanguruma. Sikuwa nimeisikia miezi saba.

Raundi ya pili sikupinduka. Gari lilipita kona kama linaongozwa kwa reli, na bibi aliyekuwa anasuka nyuzi akaacha kusuka. Wawili katika wenzetu walipinduka, nikaona Ketan anamnong'oneza mmoja wao huku akimwonyesha baba.

Fainali ilikuwa mizunguko kumi. Nilianzia nafasi ya tano. Kufika mzunguko wa sita nilikuwa wa pili. Mbele yangu palikuwa na gari la njano tu. Nilikuwa nawaza: nikilipita hili, mama anafungua mabegi. Nikilipita hili, mama anafungua mabegi. Na hapo, likiwa linarudi upande wangu, nikasahau jambo ambalo kwenye ujia wetu nilishalizoea, kwamba gari likija kukuelekea kushoto kwake ni kulia kwako. Nilikata kulia. Likaenda kushoto, likaingia pua kwenye ubao. Lilipogeuzwa, matatu yalikuwa yameshanipita. Nilimaliza wa tano kati ya sita.

Nilikwenda nyuma ya viti vilivyopangwa ukutani nikalia. Nililia kwa sauti ndogo, maana sikutaka kumwaibisha baba zaidi. Nilimngojea aje. Hakuja. Nilichungulia, nikamwona kwenye meza, magari manne mbele yake, wenyewe wamemzunguka, na yeye kashika tairi nyeusi ya mtu anaibonyeza kwa gumba. Nikasema moyoni, hata kunitazama hataki. Kisha Mzee Jayanti akaenda mezani pale. Nikajua ndiyo anapewa jibu la mtihani.

Lakini aliyezungumza alikuwa baba, na hakuinua hata macho.

"Mzee, kile chumba cha nyuma ya duka, umeme wake fezi moja au tatu?"

Mzee Jayanti alivua miwani. Aliiacha ining'inie kwenye kamba. "Moja," alisema. "Lakini tatu, ya mashine kubwa, ipo mtaani. Itavutwa."

"Basi ivutwe," alisema baba, akachukua msasa.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado kali, mimi nimebeba rimoti, yeye kabeba gari. Tulipofika karibu na jengo letu sikuweza kuvumilia tena.

"Baba, nisamehe. Nimekukosesha kazi."

Alisimama. "Kazi gani?"

Nikamwambia yote: maboksi ya feni, njoo nikuone, mtihani, Korogwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea nguzo ya umeme, na mimi nikakasirika kwa sababu sikuona cha kuchekesha. Alipotulia alichuchumaa tukawa tunalingana.

"Mama," aliniita, kama alivyozoea kuniita akiwa na upendo, "hakukuwa na mtihani. Mzee Jayanti ameniomba mara tatu nifungue karakana yangu pale nyuma. Mashine ataleta yeye. Mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa."

"Kwa nini?"

Watu wazima wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuwajibu watoto maswali ya namna hiyo. Alifikiri, akaamua kunijibu.

"Nilikuwa naogopa. Nikisema ndiyo kwake, basi nimekubali kwamba kule hawaniiti tena."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa," alisema. "Lakini leo nikiwa na ile gundi mkononi nimekaa nusu saa nzima sikukumbuka kwamba kuna mahali nangoja kuitwa. Sikukumbuka kabisa."

Tukaingia ndani ya jengo. Kwenye ngazi ya kwanza akanisukuma kidogo mgongoni. "Panda ukamwambie mama yako."

"Mwambie wewe."

"Tangulia wewe. Mimi nakuja."

Nilipanda mbiombio. Mama alikuwa amepiga magoti chumbani, anakaza kamba ya kifurushi cha masufuria yetu.

"Mama, baba amepata kazi!"

Mikono yake ilisimama. "Barua imekuja?"

"Hapana. Hajaitwa. Amekubali."

"Amekubali nini?"

"Chumba cha Mzee Jayanti."

Kumbe na yeye alijua habari ya chumba. Alijua mara zote tatu, na hakuwahi kumsukuma baba hata kwa neno moja. Alikaa kitako sakafuni, kamba bado mkononi, akaniangalia kwa muda mrefu aone kama nasema kweli. Kisha akainuka, akajifuta uso wote kwa upindo wa khanga, akaenda dirishani akainama nje.

"Baba Zuhura!" aliita, na mtaa mzima ulisikia. "Unangoja nini huko chini? Panda ule, chakula kinapoa."